Dawa Yenye Mikono Miwili

Dina Msengi hana jino moja la mbele. Wageni wanaokuja kutembelea maabara yao kule Dodoma humtazama mdomo, halafu hujifanya wanatazama chupa. Akitokea mwenye roho ngumu akamuuliza, Dina hujibu bila kupepesa macho: "Baba alinipiga fimbo nikimwambia ukweli." Hapo mgeni anazigeukia chupa kwa kweli. Dina naye hana muda wa kumbembeleza, anarudi kwa panya wake.

Angeweza kuweka jino la bandia, na wenzake wamemshauri mpaka wamechoka. Hataki. Sisi watu wa Iramba tunasemwa kwa ukaidi, lakini huyu amepitiliza. Anasema akipitisha ulimi pale penye pengo anakumbuka amekuja kazini kufanya nini, na mjadala unaishia hapo.

Kazi yenyewe ni kubuni dawa. Msimchanganye na muuza dawa wa dukani, maana mtamwudhi, na akiudhika huyu dada mtatafuta pa kujificha. Yeye huchukua kemikali hii akaiunga na ile, akaijaribu, ikamshinda, akaibomoa, akaanza upya. Anatafuta dawa moja yenye mikono miwili, ya kumtibu mtu ambaye mapafu yake yameumia vibaya.

Ukimpa nafasi atakueleza, na mikono yake yote itakuwa hewani. Pafu, anasema, ni nyumba yenye vyumba vingi vidogo vya hewa, na ukuta wa kila chumba ni mwembamba kuliko lile ganda la ndani la kitunguu. Moshi wenye sumu ukiingia, unababua kuta. Hayo ni majeraha ya kwanza, na mtu anaweza kupona. Kinachoua ni kinachofuata. Mwili unapiga yowe, na zile chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zinakuja mbio na silaha mkononi. Zinafika hazimkuti adui, kwa sababu moshi ulishapita. Basi zinaanza kupiga chochote kilicho mbele yao. Zinakatakata kuta za nyumba ambayo zilikuja kuilinda, mishipa inavuja, vyumba vinajaa maji, na mtu anazama akiwa nchi kavu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hawakuwa na hadubini.

Kwa hiyo dawa inatakiwa ifanye kazi mbili kwa pamoja. Mkono mmoja uwatulize askari, mkono wa pili uzibe nyufa. Ukiwatuliza askari peke yao, maji yanaendelea kuvuja. Ukiziba nyufa peke yake, askari wanazipasua tena nyuma yako. Hiyo ndiyo kazi iliyomla Dina ujana wake wote, na kabla ya siku ile ya alizeti nitakayoieleza alikuwa ameshindwa mara nyingi kiasi kwamba hata panya, ungedhani, walikuwa wanamwonea huruma.

Sasa nimtaje baba yake, maana bila huyo Dina asingekuwa Dina.

Yeremia Msengi alikuwa mkulima wa alizeti katika kijiji kimoja nje kidogo ya Kiomboi, mzee wa kanisa, mtu wa mwili mkubwa na sauti kubwa zaidi. Alikuwa na watoto wawili tu waliobaki hai, Dina na mdogo wake Kefa. Aliwapenda kwa fujo. Dina alipomaliza darasa la saba, baba yake mdogo, Amosi, alikuja nyumbani na habari za mchumba mwenye ng'ombe. Yeremia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka, akachukua fimbo nyuma ya mlango, akampiga ndugu yake wa tumbo moja mpaka akamvunja mkono. "Binti yangu ataenda shule!" alikuwa akinguruma huku anapiga. "Ataenda shule!" Amosi alitoka pale analia kama mtoto. Dina alikuwa dirishani, na Dina alishangilia. Alipiga makofi kabisa, akarukaruka, akaona hakuna baba duniani kama wake.

Akaenda shule, akaenda chuo, akaingia maabara. Na Yeremia akapata la kusema. Jamani, yule mzee alikuwa na maneno! Kanisani, mnadani, kilabuni ambako yeye hanywi lakini anapita kusalimia, kote ilikuwa ni hiyo hiyo: "Binti yangu anatengeneza dawa ya mapafu. Dawa ya mapafu! Mzungu mwenyewe hana." Watu wakaanza kumwita Dina daktari. Akija likizo wanamletea watoto wenye kikohozi. Anawaambia yeye si daktari, wapelekeni hospitali, nao wanacheka, wanadhani anaringa. Alimlalamikia baba yake. Yeremia akamwambia, "Acha nifurahi, mama. Nimekulea kwa shida." Dina akamwachia, na kijiji kizima kikaendelea kuamini kwamba dawa ipo na inatembea kwenye mkoba wake.

Kefa hakuwa mtu wa vitabu. Yeye na rafiki yake Noel, mtoto wa pekee wa mjane Dorkas wa nyumba ya tatu, walikwenda kuchimba dhahabu machimboni, mwendo wa pikipiki kutoka nyumbani. Machimbo yale yalikuwa na jambo lao. Ukishapata dhahabu yako unaichanganya na zebaki ili ikusanyike, kisha unaichoma kwenye moto, zebaki ipae, dhahabu ibaki. Zamani walichoma nje, upepo ukabeba uchafu wake. Lakini majambazi walikuwa wanavizia moshi kama tai. Wakiona moshi wanajua dhahabu iko pale, wanakuja na mapanga. Wachimbaji kadhaa walikatwa mikono. Ndipo wakabuni njia yao: anayechoma anaingia chumbani, mwenzake anamfungia kwa nje na kufuli kubwa, kama nyumba isiyo na mtu, anavaa ufunguo shingoni chini ya shati, anakwenda kukaa kando kama mpita njia. Hakufungii mtu hivihivi tu. Ufunguo huo anapewa mtu unayemwamini kuliko ndugu yako.

Jioni moja Kefa aliingia kuchoma, na Noel akafunga. Bahati mbaya, wakaja watu wasiojulikana na pikipiki mbili, wakawa wanazunguka zunguka pale. Noel hakuthubutu kusogea mlangoni. Kefa ndani alianza kukohoa, akakohoa kwa kuziba mdomo na shati ili asisikike. Wale watu walipoondoka, Noel alikimbia kufungua, akamkuta rafiki yake amelala chini, macho mekundu, lakini yu hai. Akampepea, akampa maji, Kefa akasema ni moshi tu, utatoka. Asubuhi hakuweza kusimama wala kusema neno refu. Alichosema ni kifupi: "Nipeleke kwa Dina."

Noel aliitia mfukoni dhahabu yao, akampakia nyuma yake kwenye pikipiki, akamfunga kwenye mgongo wake na mpira wa kufungia mizigo ili asidondoke, akaondoka. Barabara ya kwenda Kiomboi ilikuwa wazi mbele yake, hospitali ipo. Lakini mgonjwa kasema kwa Dina, na Dina si ndiye daktari wa mapafu? Akakata kona kuelekea kijijini.

Siku hiyo nyumbani kwa Yeremia palikuwa na kazi ya ujirani ya kupura alizeti. Vichwa vya alizeti vilikuwa vimemwagwa kwenye turubai kubwa katikati ya uwanja, na wanaume wa kijiji wamezunguka, kila mmoja na fimbo yake, wanapiga. Mnapiga kwa zamu, upande huu na upande ule, mpaka mbegu zinatoka. Togwa ilikuwepo, nyimbo zilikuwepo. Leah, mke wa Yeremia, alikuwa jikoni na wanawake, na Dina, aliyekuja likizo, alikuwa anakanda unga wa maandazi, mikono mieupe mpaka kwenye viwiko.

Pikipiki ikaingia mpaka ukingoni mwa turubai. Nyimbo zikakatika.

"Shikamooni wazee," akasema Noel. Hakuzima pikipiki. Mtu anayekufa amelalia mgongo wake, na bado alisalimia, kwa sababu ndivyo Dorkas alivyomlea. "Shikamoo, baba."

Baadhi waliitikia. Yeremia hakuitikia. Alikuwa anamtazama mwanawe, kichwa kimelala begani kwa Noel, midomo imegeuka rangi.

"Dina yupo?" Noel akauliza. "Kefa amesema nimlete kwake."

Dina alishatoka jikoni mbio. Aliweka sikio kwenye mgongo wa mdogo wake, pale palipobaki nafasi kati ya mpira na shati, akasikia mlio kama wa mtu anayekanyaga mabua makavu. Mlio huo aliujua. Alikuwa ameusikia kwa panya wengi kabla hawajafa.

"Usizime!" akamwambia Noel. "Geuza, twende hospitali sasa hivi. Anahitaji oksijeni. Huu ni moshi wa zebaki."

"Hospitali ya nini?" Yeremia akasogea. "Wewe upo hapa. Toa dawa."

"Baba, sina dawa."

"Unayo. Dawa ya mapafu. Toa, mdogo wako anakufa!"

"Ni ya panya, Baba! Haijawafikia watu. Na hata kwa panya bado haijakubali. Tunachelewa, Baba, tafadhali, mwache Noel apite!"

Hapo, nakuambia, uwanja mzima ulimgeukia Yeremia, pikipiki inanguruma. Wanaume wote wale walikuwa wamesikia habari za dawa hiyo kwa miaka. Mmoja akaguna, mwingine akakohoa kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Yeremia alisikia. Uso wake ukawa mweusi. Leah alikuja na bakuli la maziwa, kama anavyofanya mama yeyote wa kwetu mtu akivuta au akila kibaya, akataka kumnywesha mwanawe. Dina akalisukuma bakuli, maziwa yakamwagika vumbini. "Hawezi kumeza, Mama, yataingia kwenye mapafu!" Alikuwa sahihi. Lakini mwangalie kwa macho ya wale watu: dawa amenyima, na maziwa ameyamwaga.

Hasira ya mtu aliyeaibika inatafuta pa kutua. Ya Yeremia ikatua kwa Noel.

"Wewe. Mwanangu amepatwa na nini?"

"Alikuwa anachoma dhahabu, baba. Ndani."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nje."

"Kwa nini hakutoka?"

"Mlango ulikuwa umefungwa na kufuli, baba."

"Nani alifunga?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema majambazi. Dina mpaka leo, akiwa peke yake na mashine zake, hulisema lile jibu lingine kwa niaba yake: majambazi, Noel, sema majambazi. Lakini Noel alikuwa kijana asiyejua kumdanganya mtu mzima aliyemwamkia. Akavuta kamba shingoni, akatoa ufunguo chini ya shati.

"Mimi ndiye nilifunga, baba. Ufunguo huu hapa."

Wale walikuwa wakulima. Hawakuijua desturi ya machimboni. Walichokiona ni mtu mzima wa afya, aliyemfungia mwenzake ndani ya moshi na kuvaa ufunguo. Jirani mmoja, Benson, akampapasa mfuko wa suruali, akatoa kikaratasi kilichosokotwa, akakifungua. "Eeh! Na dhahabu anayo yeye!"

Yeremia alipiga. Fimbo ya alizeti si nzito, lakini mikono ile ilikuwa imepura tangu asubuhi na ilikuwa na joto la kazi. Ikampata Noel kwenye sikio. Mtu akachomoa ufunguo wa pikipiki, mngurumo ukazimika, na pale Dina alijua anapoteza watu wawili badala ya mmoja.

Akaingia katikati. "Baba, nisikilize! Ndivyo wanavyofanya wote kule! Wanafungiana kuogopa majambazi! Noel ndiye aliyemtoa!" Alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Alimshika baba yake shati. Alimwambia kwa Kiswahili, akamwambia kwa Kinyiramba, akamwambia kwa jina la Mungu. Yeremia alimtazama kama anatazama mtu wa mbali asiyemfahamu, na fimbo ikashuka. Sijui kama alimkusudia yeye. Ilimpata mdomoni. Dina alikaa chini kwenye mbegu za alizeti, mdomo umejaa damu, akatema jino.

Basi wakaingia wote. Loo, watu! Watu waliobatizwa pamoja, waliomlia Noel pilau siku ya kipaimara chake! Walipiga kwa zamu, upande huu na upande ule, kwa mapigo yale yale waliyokuwa wanapurea. Pikipiki ikaangukia ubavu. Benson alichukua panga akaukata ule mpira ili amtoe Kefa, na wale vijana wawili wakaachana. Noel akawa huru. Hapo shamba la mtama lilikuwa hatua chache tu, na alikuwa na miguu. Kila aliyekuwepo anakubali angeweza kukimbia.

Hakukimbia. Kefa alikuwa ameanguka kifudifudi na pua iko vumbini, na mtu aliyejaa maji kifuani hapumui akiwa hivyo. Noel alipiga magoti, akampitisha mkono mmoja chini ya shingo akamwinua kichwa ili apate hewa. Mkono wa pili aliuinua juu kukinga fimbo zisimfikie mgonjwa. Mkono ule ulivunjika, Dina aliusikia. Ule mwingine haukuachia. Mbavu za Noel zilikuwa wazi pande zote mbili, kwa kuwa hakuwa na mkono wa tatu.

Aliyesimamisha yale mambo ni Kefa. Hakuwa na pumzi ya kusema. Alifungua macho, akamwona nani anapigwa na nani anapiga, akajivuta kwa viwiko, povu la damu linamtoka, akamlalia Noel juu. Alimfunika kama unavyofunika mtoto kwa mvua. Fimbo ya Yeremia ilikuwa juu. Ikabaki juu. Akaishusha taratibu, akaiangalia, ikamtoka mkononi. Wengine wakatupa zao. Kukawa na mtu mmoja tu analia, Leah, na analia kwa kuita jina la mtoto wa mwenziwe.

Fuso la kubeba alizeti ndilo lililowapeleka Kiomboi, wote wawili wamelazwa juu ya magunia. Dina alikaa katikati, mkono huu kamshika mdogo wake, huu kamshika Noel. Mapafu ya wote wawili yalikuwa yanajaa, ya mmoja kwa moshi, ya mwingine kwa mbavu zilizoingia ndani. Noel alimwuliza kitu kimoja, kwa sauti ya chini, "Dada, anapumua?" Dina akasema, "Anapumua." Kabla hawajafika lami, Noel alikuwa hapumui.

Kefa alipona. Manesi wa Kiomboi walimwekea oksijeni, wakamgeuza na kumgeuza, hawakumwacha. Aliporudiwa na sauti, neno la kwanza lilikuwa, "Noel yuko wapi?" Leah alitoka nje. Dina ndiye aliyebaki na kumwambia, na mdomo wake bado ulikuwa umevimba, maneno yanatoka vibaya, ikabidi ayarudie.

Yeremia hakukimbia na hakukataa. Alikuwa amekaa kwenye turubai polisi walipofika. Benson na wengine walitajana mpaka wakachanganyikiwa, baadhi wakafungwa, baadhi wakahama. Mahakamani Dina aliitwa kuwa shahidi. Ndugu walimjia kwa vikao: sema hukuona, sema ulikuwa umezimia, damu nzito kuliko maji. Hata baba mdogo Amosi, mwenye mkono uliounga vibaya, alikuja kumwombea kaka yake. Dina alipanda kizimbani akasema alichokiona chote, fimbo ya kwanza ilikuwa ya nani na ya mwisho ya nani. Alipita mbele ya baba yake akaingia, akapita akatoka, hakumwamkia. Kwetu hiyo ni zaidi ya tusi. Yeremia akahukumiwa kwenda jela kwa kuua bila kukusudia, na Leah akakaa muda mrefu bila kumsemesha binti yake.

Dina akarudi Dodoma na hasira zake. Mkuu wake wa maabara, Ignas, mtu mpole wa Itigi, alimwambia apumzike. "Nikipumzika nitaua mtu," Dina akamjibu. Ignas akampa funguo za maabara.

Tatizo lililokuwa limemshinda ni hili. Dawa yake ya mikono miwili alikuwa ameiunga vizuri, mkono wa kutuliza na mkono wa kuziba, na kamba katikati. Lakini ikishaingia mwilini inawatuliza askari wote, kila mahali, hata wale wasio na kosa, waliosimama lindo kwenye tumbo na ngozi. Mapafu ya panya yanapona, halafu panya anakufa kwa kidudu kidogo kisicho na maana, kwa sababu mwili mzima hauna mlinzi. Alikuwa anataka dawa inayolala njiani kote, iamke palepale penye ghasia na si kwingine. Nani ataiamsha?

Siku moja alikuwa amekaa anachambua mpira wa mashine uliokatika, anautafutia mbadala. Akaushika ule mpira. Akauangalia ulipokatwa. Wenzake wanasema alikaa hivyo mpaka chai ikapoa, kisha machozi yakaanza kumtoka bila sauti, na huku anatafuta kalamu.

Askari wa mwili wakichachamaa, humwaga kitu kinachokatakata kuta. Hilo ndilo panga lao. Pasipo na ghasia, panga liko alani. Basi akaisuka upya ile kamba ya katikati, akaifanya ya namna ambayo panga hilo tu ndilo linaloweza kuikata. Dawa ipite kila mahali imefungwa, haimgusi mtu. Ikifika kwenye pafu linalopigwa, mpigaji mwenyewe, kwa panga lake mwenyewe, anakata kamba, na mikono yote miwili inakuwa huru. Mmoja unakinga, mmoja unaziba.

Alishindwa tena, sana. Kamba ilikuwa ngumu mno, kisha laini mno. Alitupa chupa ukutani, alimfokea Ignas, aliomba radhi, akamfokea tena. Nyumbani Kefa alianza kumlimia Dorkas shamba. Analima tuta moja anakaa, anatafuta pumzi, anainuka. Mama yule hakumwambia asije wala hakumwambia karibu, lakini humwachia togwa kwenye kivuli cha ghala.

Kisha ikaja asubuhi moja panya wakaamka. Panya waliovutishwa moshi mkali, ambao siku zote Dina huwakuta wamelala ubavu, walikuwa wanakula. Aliwapima mmoja mmoja, mapafu makavu, askari wa kwingine wako lindoni kama kawaida. Akarudia upya kwa wengine, nao wakaamka. Ni panya tu, bado. Kuna safari ndefu mpaka kwa mtu, na huenda dawa ikafia njiani. Wenzake walipiga makofi. Ignas alimkumbatia. Dina alitafuta mtu wa kumpigia simu, akagundua kwamba mtu wa kwanza kuitangaza dawa hii, kabla haijakuwepo, alikuwa gerezani.

Alipanda basi akaenda. Walimleta Yeremia kwenye benchi la wageni, mwili umepungua, sauti imepungua zaidi. Alikaa akitazama chini. Hakutegemea salamu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama," alisema Yeremia, na mashavu yake yakawa yanacheza.

Dina akamweleza. Hakujua amweleze nini kingine. Akaeleza nyumba yenye vyumba vya hewa, moshi, askari wanaokuja mbio kulinda na wanakuta adui ameshaondoka, wakaanza kubomoa nyumba. Akaeleza dawa, kamba yake, na panya waliokuwa wanakula. Yeremia alisikiliza kama alivyomsikiliza Amosi siku ile ya ng'ombe, mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Hao askari," akauliza, "hawana ubaya, si ndiyo? Wamekuja kumwokoa mtu wao."

"Ndiyo, Baba."

"Sasa kwa nini usiwaambie tu? Kwamba adui hayupo. Waache."

"Hawaambiki, Baba. Hawana masikio. Ndiyo maana inabidi kuwatengenezea dawa."

Yeremia akaitazama mikono yake kwenye magoti, akaigeuza viganja juu. Halafu akainua uso, akatazama pengo mdomoni mwa binti yake, na hakuondoa macho.

"Mimi masikio nilikuwa nayo," akasema.